Hakuna Mwaka Unaopotea: Kwa Wazazi Wenye Watoto wa Hoki

Jumamosi asubuhi, tukisubiri mashine imalize kulainisha barafu, baba mmoja wa kwetu alinishika mkono akanivuta kando. Mwanawe ana miaka 11, yuko Peewee, yaani kundi la miaka 11 na 12, na anateleza vizuri kuliko wengi wa rika lake ingawa viatu vimemzidi saizi mbili. "Kocha," akasema, "nimepata timu ya kulipia, inazunguka majimbo manane kwa msimu. Nataka nimtoe hii ya mtaa, huku atachelewa. Akimaliza shule ya upili, akiwa na miaka 18, nataka awe na skolashipu mkononi."

Ni mzazi wa nne kuniambia hayo msimu huu. Nafundisha hoki ya vijana hapa Minnesota, nje kidogo ya Minneapolis, na kila mara swali hili hunikuta koridoni, filimbi shingoni, watoto 17 wakiningoja. Leo nimeamua kulijibu nikiwa nimekaa.

Simlaumu anayefikiri hivyo. Katika mpira wa kikapu na futiboli ya Kimarekani ndivyo mambo yanavyokwenda: kijana anacheza shuleni, makocha wa vyuo wanamwona, anahitimu Juni, Agosti yuko bwenini. Nasi tumelelewa na lile swali la shangazi: umemaliza shule, sasa unafanya nini? Kijana wa miaka 19 asiye chuoni wala kazini, kwetu ni kijana aliyekwama.

Hoki ya wavulana ina njia yake. Ingia chumba cha kubadilishia nguo cha timu yoyote ya wanaume ya Daraja la Kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, uwaulize wa mwaka wa kwanza umri wao. Wenye miaka 18 watakuwa wachache. Wengi ni 19 na 20, na wapo wa 21. Kati ya shule ya upili na chuo kuna ligi za junia. USHL ndiyo ya juu nchini, inafuata NAHL, na kote huko mchezaji halipi ada ya kucheza. Anaondoka kwao, anaishi na familia inayompokea kama mwanawe katika mji ambao pengine hakuwahi kuusikia, anafanya mazoezi kila siku na kucheza michezo ipatayo 60 kwa msimu. Akiwa tayari, chuo kinamchukua. Chini ya hizo ziko ligi nyingine za junia ambazo mzazi ndiye anayelipa. Jina "junia" likikupumbaza, utatoa pesa nyingi ukidhani umenunua kile kile.

Nikifika hapo, mzazi hukunja uso: "Kwa hiyo atapoteza miaka miwili?" Neno hilo, kupoteza, ndilo linalonichosha kuliko yote, kwa hiyo nivumilieni nilikalie kidogo.

Kwanza, mwili. Hoki ya chuo ni mchezo wa kukumbana. Kijana wa miaka 18 anayetoka shuleni anakutana kwenye kona na mtu wa miaka 23 mwenye kilo 95, aliyekwisha kucheza michezo 200 ya watu wazima. Kocha wa chuo anaajiriwa na kufukuzwa kwa matokeo. Akiweza kumpata kijana aliyekomaa, kwa nini amchukue anayehitaji miaka miwili ya kujenga mapaja? Mwanao kuambiwa "nenda junia kwanza" si kukataliwa. Mara nyingi chuo kimeshamwahidi nafasi, kikamwambia aje baada ya mwaka au miwili.

Pili, hesabu. Mpira wa kikapu wa wanaume una timu zaidi ya 350 za Daraja la Kwanza. Hoki ya wanaume ina zaidi ya 60 tu, nchi nzima. Tuseme kila timu ichukue wapya wanane kwa mwaka; hata nafasi 600 hazifiki. Zinagombewa na vijana wa Marekani yote, wa Kanada, Sweden, Finland na Czechia. Pamejaa, na penye foleni anayesubiri ni kila mtu, si mtoto wako peke yake.

Tatu, kanuni. Kwa miaka mingi hoki imeruhusiwa kile ambacho michezo mingine haikupewa: mchezaji angeweza kukaa junia mpaka afike miaka 21 bila kukatwa msimu wake wa chuo. Mfumo mzima umejengwa juu ya kusubiri. Ndiyo maana nasema hakuna mwaka unaopotea hapo, na ndiyo maana mtoto wa miaka 11 hawezi kuchelewa. Achelewe wapi? Basi lenyewe linaondoka miaka minane ijayo.

Halafu foleni imerefuka. Ligi tatu kubwa za junia za Kanada, yaani OHL, WHL na ile ya Quebec, ziko chini ya mwamvuli wa CHL. Zamani ukicheza huko hata mchezo mmoja, NCAA ilikuhesabu mchezaji wa kulipwa, kwa kuwa vijana wa huko hupewa posho na wengine huwa wamekwisha kusaini na timu za NHL, ligi kuu ya kulipwa. Tarehe 7 Novemba 2024 NCAA ilipiga kura kuondoa zuio hilo, na tangu tarehe 1 Agosti 2025 mlango uko wazi. Kabla hata siku hiyo haijafika, Gavin McKenna wa Medicine Hat, timu ya WHL, kijana aliyetajwa kuliko wote wa rika lake, alitangaza kwamba anakwenda chuo cha Penn State. Nyuma yake wapo mamia ambao hamtawasikia majina, wenye miaka 20, waliokwisha kucheza misimu mitatu au minne ya kiwango cha juu. Hao ndio watakaokaa kwenye viti ambavyo mzazi wa Minnesota alidhani vimewekewa wanawe.

Niseme wazi kwamba hapa mimi mwenyewe nina shaka. Mwaka 2023 ungeniuliza, ningekwambia kwa moyo mkunjufu: mwache kijana amalize shule ya upili na wenzake, junia itamngoja. Leo nasema hayo hayo, lakini polepole zaidi. Nikiwa na kijana wa miaka 16 mwenye kipawa cha kweli, na timu ya junia inamwita, sina jibu ninaloweza kuliapia. Nilimshauri mmoja abaki. Alibaki, alicheza vizuri, alihitimu. Alipofika 19 timu za junia zilikuwa zimejaza nafasi na wadogo wake, na leo anacheza klabu ya chuo, hoki ya kujilipia. Yeye husema hajuti. Mimi bado huamka usiku nikajiuliza kama angeondoka ingekuwaje.

Lakini huyo alikuwa na miaka 16. Anayeniletea hoja hii akiwa na mtoto wa miaka 11 hana haki ya wasiwasi huo, na hasa hapa. Minnesota ni karibu jimbo la pekee ambako hoki ya watoto bado inafuata mtaa: unacheza mahali unapoishi, na wale wale uliokuwa nao Squirt, kundi lililo chini ya Peewee, unavaa nao jezi ya shule ya upili. Mashindano ya shule za upili ya jimbo yalianza mwaka 1945, na bingwa wa kwanza alikuwa Eveleth, mji mdogo wa machimbo ya chuma. Warroad, karibu na mpaka wa Kanada, haina hata watu 2,000, na T.J. Oshie alitoka shule yake ya upili moja kwa moja hadi Chuo Kikuu cha North Dakota mwaka 2005, kisha NHL. Timu ya Marekani iliyowafunga Wasovieti 4 kwa 3 kule Lake Placid mwaka 1980 ilikuwa na wachezaji 20; 12 walikuwa vijana wa Minnesota, na kocha wao, Herb Brooks, vilevile. Mtaani hakukuwazuia.

Najua atatokea mtu aniulize kuhusu Casey Mittelstadt, kijana mwingine wa Minnesota aliyefika NHL. Ndiyo, alirudi Eden Prairie kumaliza mwaka wake wa mwisho wa shule, na Juni 2017 akachaguliwa wa nane katika drafti ya NHL, yaani siku timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu. Lakini msimu huo huo, kabla na baada ya ratiba ya shule, alichezea Green Bay ya USHL. Na Blake Wheeler alichaguliwa wa tano mwaka 2004 akiwa shuleni, kisha akaacha mwaka wake wa mwisho wa shule ya hapa akaenda hiyo hiyo Green Bay. Njia zote mbili zimefika. Anayekwambia ipo moja tu anauza kitu.

Mtoto wa Peewee anahitaji kugusa kisahani, kile kinachopigwa badala ya mpira, mara nyingi, basi. Ndiyo maana wadogo wa miaka minane na chini wanachezeshwa kwa upana wa uwanja, si urefu, na ndiyo maana tangu msimu wa 2011 kukumbana kumeondolewa Peewee kukaanzia Bantam, kundi linalofuata. Baba mmoja alinung'unika kwamba tunalea watoto laini. Watafiti wa Kanada walilinganisha Peewee wa Alberta, waliokuwa wanakumbana, na wa Quebec, wasiokumbana: majeraha ya wa Alberta yalikuwa zaidi ya mara tatu ya wale wa Quebec, ya ubongo yakiwemo. Mjadala huo kwangu umefungwa.

Kuhusu pesa nitasema haraka. Vyuo vya Daraja la Tatu, na hapa tunavyo vingi na vizuri, Augsburg, Gustavus, St. John's, havitoi ufadhili wa michezo hata senti. Vinatoa wa masomo na wa mahitaji, kwa hiyo alama za hisabati za mwanao zina thamani kubwa kuliko mabao yake. Harvard, Yale, Cornell na wenzao wa Ivy, kundi la vyuo vikongwe vya mashariki, wako Daraja la Kwanza, nao vilevile hawatoi wa michezo. Kwingine, kwa miaka mingi timu ya wanaume iligawana ufadhili 18 kwa wachezaji 26 au zaidi, kwa hiyo wengi walipata nusu au robo. Kanuni zililegezwa mwaka 2025 kwa vyuo vilivyokubali mfumo mpya, ila navyo vimewekewa kikomo cha wachezaji 26. Piga hesabu ya miaka saba ya hoteli, ada na magongo ya dola 300 yanayovunjika, kisha uniambie ni nani anayemfadhili nani.

Wenye mabinti, futeni nusu ya niliyosema. Wasichana hawana ngazi ile ya junia. Wao kwa kawaida hutoka shule ya upili wakaingia chuo wakiwa na miaka 18, na makocha huanza mazungumzo mapema, binti akiwa darasa la 10 au la 11. Timu ni chache, zaidi ya 40 kidogo, lakini wenye umri wa miaka 21 hawamsukumi nje ya mlango. Minnesota ilianza mashindano ya jimbo ya wasichana mwaka 1995, na NCAA ilipoanzisha ubingwa wa wanawake mwaka 2001, chuo chetu cha Minnesota Duluth kilichukua mitatu ya kwanza mfululizo. Inaniuma kuona mama analipa pesa za mwana wa kiume asiyetaka kuamka, na binti yake, mwenye miguu ya ajabu, ameketi jukwaani na simu.

Nanyi mnaoniandikia kutoka Nairobi: ule uwanja wa barafu wa Panari ni mdogo kuliko uwanja rasmi, na bado Ice Lions, timu ya Kenya, walitoka pale wakaenda Kanada mwaka 2018 wakavaa jezi pamoja na nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka 2024 Kenya ikaingia shirikisho la dunia. Anzeni hapo. Msimtume mtoto wa miaka 12 ng'ambo peke yake kwa sababu ya tangazo.

Baba wa Jumamosi nilimwambia awaulize wale wa timu ya kulipia swali moja: wachezaji wenu wa miaka tisa iliyopita wako wapi leo, wakiwa na miaka 20? Wakuonyeshe orodha nzima, si wawili waliobandikwa ukutani. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Basi mwaka huu anahitaji nini?"

Nikamwambia viatu. Vya hoki huvaliwa vidogo kuliko vya kawaida kwa saizi moja au moja na nusu, na yule mtoto amevaa vya kukulia, kifundo kinalala, kila akigeuka kushoto anapoteza hatua. Jumatatu jioni tulikwenda watatu kwenye duka la vifaa vilivyotumika. Tulipata jozi, tukaipeleka ikanolewe, na Jumanne mtoto aligeuka kushoto mara kumi bila kuanguka.