Maziwa, Miwani ya Jua na Pipa Tupu: Dhana Potofu za Karakana ya Nyumbani

Siku hizi si ajabu kukuta mashine ndogo ya kuchomelea nyumbani kwa mwalimu, mhasibu au mstaafu. Mashine za inveta zimekuwa nyepesi na bei yake imeshuka, grainda zinauzwa katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, na watu wasioishi kwa ufundi wameanza kujitengenezea mageti, vitanda na majiko siku za mapumziko kwa sababu tu wanaipenda kazi ya chuma. Wapenzi hawa hufundishana. Mmoja humwazima mwenzake jiriwa, mwingine huja kumshikilia bomba, wa tatu hupita kutazama na kushauri, na ndivyo ujuzi unavyoenea. Lakini njia hiyohiyo hueneza pia imani zisizo na ukweli, tena kwa nguvu zaidi, kwa kuwa ushauri wa rafiki ni mgumu kuukataa. Mfanyakazi wa kiwandani ana msimamizi na kanuni za usalama. Huku nyuma ya nyumba, msimamizi pekee ni huyo rafiki. Ndiyo maana ni muhimu anachokisema kiwe kweli.

«Ukinywa maziwa, moshi wa gavanaizi haukudhuru»

Imani hii imeenea mno, na aghalabu hutolewa kwa upendo: rafiki anafika na pakiti ya maziwa kabla kazi haijaanza. Bomba la gavanaizi limepakwa zinki ili lisishike kutu. Zinki huchemka kwenye nyuzi joto 907 za Selsiasi, ilhali chuma chenyewe huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Kwa hiyo kabla bomba halijaanza kuyeyuka, zinki iliyo juu yake imekwisha kugeuka mvuke. Mvuke huo hukutana na oksijeni ya hewani ukawa oksidi ya zinki, ule moshi mweupe mzito unaoacha utando mwepesi kama pamba kandokando ya mshono, yaani pale vipande viwili vilipounganishwa. Chembe zake ni ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu. Maziwa huenda tumboni. Hayapiti mapafuni, hayazuii moshi kuingia wala hayautoi ulioingia.

Kinachofuata huitwa homa ya moshi wa metali. Saa 4 hadi 12 baada ya kazi, mtu huhisi kiu na ladha ya chuma mdomoni, kisha hutetemeka kwa baridi, huumwa kichwa na viungo, hukohoa na kupanda joto. Kwa kawaida hali hiyo huisha yenyewe katika siku moja au mbili, na hapo ndipo maziwa yanapopata sifa isiyo yao: aliyeyanywa alipona, na asiyeyanywa naye alipona, ila hakuna aliyemhesabu huyo wa pili.

Kwetu sisi tunaoishi penye malaria kuna hatari ya ziada. Mtu aliyechomelea geti mchana akaanza kutetemeka usiku anaweza kudhani ana malaria na kumeza dawa bila kupimwa. Anaweza pia kukosea upande wa pili: akadai ni moshi tu kumbe ni malaria kweli. Apimwe, na amweleze mhudumu wa afya wazi kwamba alichomelea gavanaizi siku hiyo.

Wengine husema mwili huzoea. Ni kweli kwamba mtu anayevuta moshi huo kila siku hupata ustahimilivu fulani, lakini hupotea haraka baada ya siku chache za mapumziko, na ndiyo sababu mafundi wa viwandani hushikwa na homa hii hasa Jumatatu. Mpenzi wa kazi za chuma huchomelea Jumamosi mbili kwa mwezi; kwake kila Jumamosi ni Jumatatu. Isitoshe, kutoshikwa na homa hakumaanishi kutodhurika. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kibaya zaidi ni kadimiamu, metali nyingine ambayo iliwahi kutumika kupaka boliti za mashine na kuchanganywa katika baadhi ya aina za lehemu ya fedha: dalili zake za mwanzo hufanana na za zinki, lakini hazitulii, na zinaweza kuua. Boliti kuukuu usiyoijua asili yake haifai kupashwa moto hata kidogo.

Rafiki anayetaka kusaidia aache maziwa nyumbani. Asaidie kuhamishia kazi nje penye upepo unaopita kutoka ubavuni, asaidie kusaga tabaka la zinki sentimita kadhaa pande zote za mshono, na ailete barakoa yenye kichujio halisi cha chembe, ya kiwango cha N95 au FFP2 kwenda juu, inayokaza vizuri usoni. Kitambaa kilichofungwa puani hakichuji moshi huu. Na hata mwenye barakoa asiinamishe kichwa juu ya mshono, kwa sababu moshi hupanda wima kabla ya kutawanyika.

«Miwani ya jua inatosha kwa kipande kifupi»

Mwanga wa kuchomelea una miale ya urujuanimno mikali, na macho huungua katika muda mfupi kuliko watu wanavyodhani. Hadaa yake ni kwamba wakati huo huhisi kitu. Maumivu huja saa 6 hadi 12 baadaye, mara nyingi usiku wa manane, macho yakitoa machozi na kuwasha kana kwamba yamejaa mchanga. Miwani ya jua hupunguza ung'avu, nawe ukajiona salama. Haitoshi kuzuia mwanga wa umeme ulio karibu namna hiyo, na huacha uso, shingo na pembe zote za macho wazi. Kwa kazi ya kawaida ya ampea 100 hivi, kioo cha kofia ya kuchomelea kinatakiwa kiwe na giza la namba 10 au zaidi.

Anayesahaulika zaidi ni mwenzako anayeshikilia bomba. Yeye hutegemea kufumba macho, na kwa kuwa hajui lini kijiti cha kuchomelea kitagusa chuma, mara nyingi hufumba akiwa amekwisha kupigwa na mwanga. Watoto walioegemea ukuta wanatazama cheche nao wamo katika hatari hiyo. Uungwana wa karakana hapa ni mambo mawili: kofia ya pili kwa msaidizi, na kutoa sauti kabla ya kila kugusisha. Neno moja tu, «macho!», linatosha, likizoeleka.

Zipo pia tiba za kirafiki ambazo ningependa ziachwe kabisa. Vipande vya kiazi kibichi juu ya macho haviponyi konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Ubaridi wake hutuliza kidogo, na uchafu wake unaweza kuleta maambukizi. Matone ya ganzi, yanayopitishwa mkono kwa mkono kwa sababu huondoa maumivu papo hapo, huchelewesha konea kupona na yanaweza kuiharibu. Ni ya kutumiwa na daktari anapochunguza jicho. Na kipande cha chuma kilichonasa jichoni baada ya kusaga kisitolewe kwa ncha ya leso wala kwa sumaku ya spika, hata kama jamaa anayejitolea ana mkono mtulivu. Chuma huanza kushika kutu ndani ya konea katika muda mfupi, nayo kutu hubaki hata chuma kikitoka. Rafiki mwema ni yule anayekushika mkono akupeleke hospitali.

«Glavu ni kinga kila wakati»

Si kila wakati. Glavu za ngozi ni lazima unapochomelea, lakini mbele ya drili ya mezani au mashine ya kukereza zinapaswa kuvuliwa. Ngozi ya mkono iliyoguswa na ncha inayozunguka hukatika. Glavu hunaswa, ikauvuta mkono mzima kabla hujafikia swichi. Hali ni hiyohiyo kwa mikono mirefu ya shati, pete, na kitambaa kilichozungushwa msasa. Kipande kinachotobolewa kibanwe kwenye jiriwa, kisishikwe na mwenzako.

«Kava la grainda huchelewesha kazi»

Wanaoling'oa kava, kile kikinga kinachofunika diski, hutoa sababu moja kati ya mbili: linazuia kufikia kona, au wanataka kufunga diski kubwa ya grainda kubwa kwenye grainda ndogo. Hiyo ya pili inahitaji hesabu. Diski ya milimita 230 imetengenezwa kwa kasi isiyozidi mizunguko 6,600 hivi kwa dakika, na kasi hiyo imeandikwa usoni mwake. Grainda ndogo huzunguka mara 11,000 kwa dakika. Ukiifunga diski hiyo humo, ukingo wake utakimbia zaidi ya mita 130 kwa sekunde, ilhali kikomo chake ni mita 80. Diski ikipasuka, vipande huruka kwa kasi hiyohiyo, na kava ulilolitupa ndilo lililokuwa lisimame kati yake na uso wako.

Watu wengi hawajui pia kwamba diski huzeeka. Kwenye pete ya chuma iliyo katikati huwa pamechapwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka 3 tangu ilipotengenezwa, kwa sababu gundi inayoshikilia chembe hudhoofika, hasa penye unyevu. Anayekupa diski alizozikuta stoo amekusudia mema; zisome kwanza.

«Pipa likiwa tupu halina neno»

Pipa lililojaa petroli halina nafasi ya hewa. Pipa «tupu» lina mchanganyiko wa hewa na mvuke, na huo ndio unaolipuka. Dizeli na oili chafu, ambazo watu huziona za upole, hubaki katika mikunjo ya mshono wa pipa, na joto la kukata huzigeuza mvuke wakati kazi inaendelea. Kusuuza kwa sabuni hakufiki kwenye mikunjo hiyo, na kunusa si kipimo. Marafiki wengi huanza pamoja na mradi huu hasa, jiko la kuchomea nyama la nusu pipa, wakiwa wamelizunguka kwa furaha, na kwa hiyo ajali moja huumiza wengi. Maoni yangu ni kwamba mtu wa nyumbani asikate kabisa pipa lililowahi kubeba mafuta, rangi au kiyeyushi. Bati jipya huongeza gharama, lakini jiko litatoka.

«Mwenzako akikagua kazi yako, amekudharau»

Dhana hii haimo katika vitabu vya usalama, nami naiona ndiyo mama wa nyingine nyingi. Nchini Uingereza, wapenzi wa kutengeneza injini ndogo za mvuke wamekuwa na vyama vyao tangu 1898, na wengi wao hufanya kazi katika vibanda nyuma ya nyumba. Boila ya injini hizo, yaani chombo cha kuchemshia maji yawe mvuke, hata ikiwa ndogo ya kubebwa mkononi, haiwashwi mbele ya watu kabla mwanachama mwingine hajaipima. Boila mpya hujazwa maji mpaka hewa yote itoke, kisha husukumwa hadi mara mbili ya shinikizo la kazi, macho yakiwa kwenye geji, kipimo cha shinikizo. Vipimo vya baadaye hufanywa kwa mara moja na nusu. Hutumiwa maji kwa kuwa hayagandamiziki: mshono ukiachia, sindano ya geji hushuka na maji hutiririka, lakini hewa au mvuke vingelipuka. Hata mkaguzi mwenyewe, awe na uzoefu wa miaka mingapi, boila yake hupimwa na mwingine. Hakuna anayeona haya, kwa sababu ni desturi ya wote.

Hakuna kinachotuzuia kuwa na desturi ya aina hiyo. Kabla ya kuwasha, mwenzako atazame waya wa mashine kama umechubuka, kofia kama ina kioo sahihi, miguu kama ina buti badala ya kandambili. Aijue pia swichi kuu ilipo, kwani mashine ya inveta iliyowashwa lakini haichomelei huwa na volti 60 hadi 80 hivi kwenye kijiti, na mwili uliolowa jasho la Mombasa au Dar es Salaam hupitisha umeme kirahisi. Mtu akinaswa na umeme hashikwi. Umeme huzimwa kwanza.

«Mashine ikizimwa, kazi imekwisha»

Cheche za grainda huruka mita kadhaa, huingia katika maranda, magunia na matambara, zikafuka humo bila moto kuonekana. Desturi ya miaka mingi ilikuwa kulinda eneo kwa nusu saa baada ya kazi ya moto kama kuchomelea au kusaga, na kiwango cha Marekani cha mwaka 2019 kimeifanya kuwa saa nzima. Muda huo mnaweza kunywa chai na kuzungumzia mshono uliotoka vizuri, mradi mkae papo hapo, ndoo ya maji na ya mchanga zikiwa karibu, na mmoja wenu akiinuka mara kwa mara kuangalia chini ya meza, nyuma ya mbao na upande wa pili wa ukuta mliochomelea karibu nao.