Je, wajua kwa nini kompyuta hudhani ilimba imepotoka tuni?

Chukua ilimba, ile marimba ya Wagogo yenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, uiweke karibu na simu yenye programu ya kupimia tuni. Donoa chuma kimoja: mshale unasimama katikati na taa inawaka kijani. Donoa kingine, mshale unalala kidogo. Ukifika kwenye chuma fulani, na mara nyingi ndicho kinachoupa wimbo ladha yake, mshale unaanguka kabisa upande wa kushoto na simu inadai kwamba sauti iko chini. Kijana wa studio aliyezoea kutengeneza biti atasema, "Mzee, hiki kimelegea." Mzee atakidonoa tena, atasikiliza, kisha atajibu kwamba hakijalegea chochote. Nani yuko sahihi?

Mzee. Na hapewi haki kwa sababu ya mvi. Anapewa na hesabu.

Bagamoyo ni mahali pazuri pa kuulizia swali hili, ingawa Wagogo wenyewe ni watu wa Dodoma. Chuo cha Sanaa kilianzishwa hapa mwaka 1981, nacho ndicho leo kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Marehemu Hukwe Zawose, fundi wa ilimba na zeze ambaye sauti yake ilifika hadi studio za Uingereza, aliishi na kufundisha mji huu hadi alipofariki Desemba 2003. Ndiyo maana ala za bara zimeota mizizi pwani, na ndiyo maana katika ua mmoja unaweza kumkuta mtu anakaza nyuzi za zeze na mwingine, hatua chache tu kutoka hapo, ana laptopu yenye FL Studio, programu ya kutengenezea muziki. Wakiamua kurekodi pamoja, ugomvi wa tuni hauchelewi kuanza.

Hesabu yenyewe ni hii. Uzi wa zeze ukisuguliwa hautoi sauti moja. Unatetemeka mzima, na papo hapo unatetemeka kwa nusu zake, theluthi zake, robo zake, na kuendelea. Tuseme uzi mzima unatetemeka mara 110 kwa sekunde, yaani Hz 110. Ndani ya sauti hiyo hiyo zimo pia 220, 330, 440, 550, 660, 770, 880 na 990, kila moja ikiwa hafifu au kali kutegemea ala na mkono wa mpigaji. Hizo huitwa harmoniki. Koo la binadamu linazo, filimbi inazo. Mtafiti wa Austria Gerhard Kubik, aliyechunguza muziki wa Afrika kwa miongo mingi, alieleza kwamba mpangilio wa sauti wa Wagogo umejengwa juu ya harmoniki hizi, kutoka ya 4 hadi ya 9. Kwa mfano wetu ni 440, 550, 660, 770, 880 na 990. Mwimbaji anaziimba, zeze linazitoa, na ilimba inatuniwa kuzifuata.

Kinanda kina asili nyingine. Chenyewe kinagawa okteva, yaani umbali kutoka noti moja hadi ile yenye mitetemo maradufu, katika hatua 12 zilizo sawa, kuanzia noti ya A ya Hz 440 iliyokubaliwa kwenye mkutano wa London mwaka 1939. Ukiitafuta 660 kwenye kinanda utapata 659.3, tofauti ambayo sikio haliisumbukii. Ukiitafuta 550 utapata 554.4, hapo mwenye sikio jepesi ameshakunja uso. Ukiitafuta 770, kinanda hakina. Kina 740 na kina 784, na iliyo karibu zaidi ni 784. Wanamuziki hupima tofauti kama hizi kwa senti, senti 100 zikiwa ni hatua moja ya kinanda hadi noti inayofuata. Harmoniki ya 7 iko senti 31 chini ya noti ya kinanda, karibu theluthi ya hatua nzima. Hicho ndicho chuma ambacho kijana alidai kimelegea.

Kosa la kijana linasameheka, maana programu nzima imejengwa na watu waliokuwa na kinanda mezani. MIDI, lugha ambayo vinanda na kompyuta huzungumza tangu 1983, huzipa noti namba kuanzia 0 hadi 127, na kila namba ni hatua ya kinanda. Ile 770 haina namba. Kisha mwaka 1997 ikaja Auto-Tune, kazi ya Andy Hildebrand, mtu ambaye kabla ya hapo alikuwa akichambua mitetemo ya ardhini kwa ajili ya makampuni ya mafuta. Kazi ya Auto-Tune ni kuinyaka sauti iliyoteleza na kuisogeza kwenye noti iliyo karibu. Kwa bongo fleva imekuwa chumvi ya mboga.

Sasa angalia kinachotokea ukiiweka kwenye sauti ya mwimbaji aliyesindikizwa na ilimba. Mwimbaji ameimba 770, sawasawa na chuma chake. Programu inamnyanyua hadi 784. Ilimba imebaki 770. Sauti mbili zilizokaribiana namna hiyo hazikai kimya pamoja. Huzaa mtikisiko, na kasi yake ni tofauti baina yao: mara 14 kwa sekunde. Msikilizaji anasikia kitu kinakwaruzana na halafu, la kusikitisha, analaumu ilimba. Prodyuza naye akiona hivyo anaisahihisha na ilimba. Hapo mambo yanaharibika zaidi, maana kisahihisha tuni cha kawaida kimetengenezwa kwa sauti moja inayotoka kwa wakati mmoja, na ilimba inapigwa kwa vidole gumba viwili.

Isitoshe, vyuma vingine kwenye ilimba kubwa havipigwi kabisa. Vimewekwa ili viitikie vyenyewe. Chuma kilichotuniwa sawa na jirani yake hutetemeka jirani akipigwa, bila kuguswa, na ndiyo maana ilimba nzuri inaendelea kuimba hata vidole vikipumzika. Mkia huo wa sauti ni mdogo sana, na una adui mwingine ndani ya kompyuta: kisafisha kelele.

Tazama kisanduku cha ilimba kwa karibu. Mbele kuna tundu, na juu ya tundu umebandikwa utando mweupe mwembamba ambao buibui hufunikia mayai yake. Vyuma vingine vimevishwa vikuku vidogo vya waya. Ukipiga, utando unatetemeka na vikuku vinacheza, na juu ya kila noti unasikia zzz kavu. Hiyo zzz inatafutwa kwa makusudi. Utando ukipasuka mpigaji hawi na raha mpaka apate mwingine. Kisafisha kelele hakijui hayo. Namna kinavyofanya kazi ni kwamba unakionjesha sekunde moja au mbili za mahali pasipo na muziki, kinajifunza sura ya kelele iliyopo, kisha kinaiondoa katika rekodi nzima. Ua wa Bagamoyo una upepo wa baharini unaochezea makuti na minazi mchana kutwa, na mchakacho wa makuti umetawanyika katika masafa yale yale ya juu ilipo zzz. Ukiondoa makuti unaondoa na utando. Inabaki ting, ting, safi kabisa, kama saa ya ukutani.

Kwa maoni yangu bora makuti yasikike. Jogoo pia sina ugomvi naye sana; huwika akanyamaza, na mkupuo, yaani kurekodi wimbo mara moja toka mwanzo hadi mwisho, unarudiwa. Zima friji na kiyoyozi, ondoa waya za umeme karibu na waya za maiki kwa sababu umeme wetu huvuma kwenye Hz 50 na kupanda kwa 100 na 150, halafu sogeza maiki karibu. Kwa ilimba, kadiri ya shibiri moja na nusu kutoka kwenye tundu, ikielekezwa kwa mshazari, inatosha kuufanya upepo uwe mdogo mbele ya ala.

Ngoma zina tabu yake. Kwanza ni kasi. Programu nyingi hufunguka zikiwa zimeshajiwekea mapigo 120 kwa dakika na mistari iliyonyooka ya kugawia muda, na prodyuza humvisha mpigaji hedfoni zenye kliki, ule mlio wa kuhesabia mapigo. Ngoma ya watu haiendi hivyo. Inaanza taratibu, inachangamka wachezaji wanapoingia, inapumua kiitikio kinapopokelewa. Ukiinyoosha kwenye mistari baada ya kurekodi, mapigo yote yanakaa pale programu inapotaka na mchezaji hajui aingilie wapi. Kuna njia, na ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: acha wapige bila kliki, kisha iagize programu ichore mistari yake kwa kuwafuata wao. Cubase, REAPER na Ableton Live zote zinaweza.

Tabu ya pili ni ngozi. Hewa ya pwani ina unyevu, ngozi inanywa, inalegea, sauti inashuka. Wapigaji wanaipasha ngoma kwenye moto wa makuti makavu au wanaianika juani, ngozi inakaza, sauti inapanda. Halafu inaanza kushuka tena polepole wakati mnarekodi. Kwa hiyo ngoma ya mkupuo wa kwanza na ile ya mkupuo wa nne hazina tuni moja, na ile kazi ya kukata kipande kizuri huku na kukibandika kule, ambayo studioni hufanywa bila kufikiri, hapa inaumbua. Utasikia ngoma imebadilika katikati ya ubeti. Afadhali kuchagua mkupuo mmoja mzima wenye dosari ndogo.

Kuna hila moja ya maiki ambayo imewatesa wengi. Ngoma ya ngozi moja, iliyo wazi chini, ukiiwekea maiki juu na nyingine kwenye uwazi wa chini, mara nyingi mzito wake hutoweka ukizicheza pamoja, ingawa kila maiki peke yake ni nzuri. Ngozi ikipigwa inashuka: inaikimbia maiki ya juu na kuisogelea ya chini. Maiki moja inaandika mvuto, nyingine inaandika msukumo, na kompyuta ikizijumlisha zinafutana. Kwenye programu kuna kitufe chenye alama ya duara lililokatwa na mstari. Kibonyeze kwenye maiki moja tu na mzito unarudi.

Sasa tuseme nyimbo zimerekodiwa vizuri na mtu anataka kuongeza kinanda chini yake. Haikatazwi. Baadhi ya programu siku hizi zinakubali mpangilio wa tuni usio wa hatua 12. Ableton Live, kwa mfano, tangu toleo la 12 la mwaka 2024, na vinanda vingi vya ndani ya kompyuta husoma faili la tuni lenye mwisho wa .scl, ambalo ni maandishi matupu unayoweza kuyaandika mwenyewe. Pima kwanza chuma cha msingi cha ilimba, maana kila fundi ana msingi wake na si lazima uangukie kwenye A. Tuni kinanda hapo. Kisha noti ya harmoniki ya 5 ishushe senti 14, ya 7 ishushe senti 31, ya 9 ipandishe senti 4, na ya 6 ipandishe senti 2 ukitaka ukamilifu. Mwite mzee asikilize kabla hujahifadhi.