Namba tisa na mabao ya Yanga: dhana potofu na ukweli wake

Dirisha la usajili likifunguliwa, swali la kwanza kijiweni ni moja tu: straika gani anakuja? Beki wa kushoto hakuna anayemuulizia. Kiungo mkabaji atajulikana jina akishaanza kucheza. Kelele zote zinakwenda kwa namba tisa, na kwa Yanga zimekuwa kubwa zaidi tangu Fiston Mayele aondoke katikati ya 2023. Naipenda timu hii, na inaniuma kuona watu wanaoijua kwa moyo wakiibana ifanye usajili kwa hoja ambazo uwanja umeshazikanusha.

"Mayele kaondoka na mabao yake"

Hofu hii ilikuwa na msingi. Msimu wa 2021/22 Yanga ilibeba ubingwa bila kupoteza mechi hata moja, Mayele akiwa na mabao 16. Msimu uliofuata akafunga 17 na kulingana kileleni na Saidi Ntibazonkiza wa Simba. Kombe la Shirikisho Afrika akawa mfungaji bora kwa mabao 7, Yanga ikafika fainali na kulikosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini: ilifungwa 2-1 na USM Alger Dar es Salaam, ikaenda kushinda 1-0 Algiers, jumla 2-2, lakini USM ndiyo iliyofunga mawili ugenini. Watoto mitaani walikuwa wanatetema, wakiiga anavyoshangilia. Kisha Mayele akasaini Pyramids ya Misri, na kocha Nasreddine Nabi naye akaaga.

Sasa tazama kilichofuata. Pamoja na Mayele, 2022/23, Yanga ilifunga mabao 61 kwenye ligi. Bila yeye, 2023/24, chini ya kocha Miguel Gamondi, ilifunga 71, ikavuna pointi 80 na ubingwa tena. Mfungaji bora wa ligi alikuwa Stephane Aziz Ki, mabao 21, na huyo ni namba kumi, kiungo anayecheza nyuma ya straika. Pale mbele kabisa watu walipokezana: Hafiz Konkoni alikuja akaondoka dirisha dogo la katikati ya msimu, Joseph Guede akaingia, Kennedy Musonda na Clement Mzize wakagawana dakika.

Mabao yalitokea wapi, basi? Rudia mechi za msimu ule umwangalie Mudathir Yahya. Mpira uko pembeni kwa Yao Kouassi au kwa winga, straika anakimbilia nguzo ya karibu, mabeki wawili wa kati wanamfuata kwa sababu ndiye waliyeambiwa wasimwache. Nyuma yao panabaki uwazi, na Mudathir, aliyekuwa katikati ya uwanja sekunde chache nyuma, anaingia ndani ya kumi na nane, eneo la penalti, bila mtu wa kumkaba. Tunamkumbuka akishangilia kwa kuweka mkono sikioni kama anayepiga simu. Aliyefungua mlango ni straika ambaye jina lake halikuandikwa kwenye ubao wa mabao. Gamondi alijenga timu ambayo Aziz Ki, Pacome Zouzoua na Max Nzengeli walibadilishana nafasi nyuma ya mshambuliaji mmoja, na kazi kubwa ya huyo mmoja ilikuwa kuwashughulisha mabeki.

Hilo halimpunguzii Mayele kitu. Tarehe 1 Juni 2025 alifunga Cairo kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Pyramids ikiilaza Mamelodi Sundowns 2-1 na kutwaa kombe. Mwezi huohuo Yanga ikachukua ubingwa wa nne mfululizo.

"Anayefunga mengi ndiye bingwa"

Hii ni fupi. Msimu wa 2022/23 Simba ilifunga mabao 75 kwenye ligi, 14 zaidi ya Yanga. Ilipoteza mechi moja tu, lakini ilitoka sare 7, na ikamaliza ya pili. Ukishinda 6-0 leo unapata pointi tatu, na keshokutwa mabao matano ya ziada hayakusaidii kwenye sare ya ugenini. Anayetaka straika wa kuongeza mabao aulize kwanza timu inadondosha pointi wapi, na dhidi ya nani.

"Hajafunga mechi tano, ni garasa"

Hapa ndipo tunapokosea zaidi, na tunawaumiza watu. Prince Dube alihamia Yanga kutoka Azam mwaka 2024 akijulikana na kila mtu nchini. Ligi ikaanza, bao halikuja. Mwezi wa kwanza watu walivumilia, wa pili wakaguna, na ilipofika Novemba neno garasa lilikuwa limeshazoeleka. Waliokuwa wakihesabu mabao tu hawakuona kwamba alikuwa anafika kwenye nafasi. Anakosa, ndiyo, lakini yupo pale panapotakiwa, wiki hadi wiki. Straika wa kumwogopa ni yule asiyekosa kwa sababu hafiki.

Desemba mambo yakageuka. Lubumbashi, dhidi ya TP Mazembe, Dube alisawazisha dakika za nyongeza na mechi ikaisha 1-1. Siku chache baadaye, dhidi ya Mashujaa, akapiga matatu peke yake Yanga ikishinda 3-2. Alimaliza msimu wa ligi na mabao 13. Miguu ilikuwa ileile, na watu waliomzomea ni walewale.

Kuna jambo lingine ambalo lawama hazikuligusa. Msimu huo Yanga ilipita kwa makocha watatu: Gamondi aliondoka Novemba, Sead Ramovic akaja na kuondoka Februari, Miloud Hamdi akamalizia. Kila kocha ana namna yake ya kumtaka straika akimbie. Mmoja anamtaka akabe kuanzia golikipa wa wapinzani, mwingine anamtaka apokee mpira akiwa ameupa goli mgongo. Mchezaji anayejifunza somo jipya kila baada ya wiki kadhaa ana haki ya kupewa muda, na mimi ningempa hata kama lile bao la Lubumbashi lisingeingia.

"Kubadilika kimbinu ni kuweka mastraika wawili"

Timu ikibanwa, jukwaa linaimba wimbo mmoja: ongeza straika! Kwenye karatasi 4-2-3-1 yenye straika mmoja inageuka 4-4-2 yenye wawili, na watu wanaridhika. Lakini straika wa pili anatoka kwenye idadi ya waliokuwa katikati. Kama tatizo lilikuwa mpira haufiki mbele, sasa hautafika kwa watu wawili badala ya mmoja.

Mfano mzuri wa kubadilika ni Kennedy Musonda. Alikuja dirisha dogo la Januari 2023 kutoka Power Dynamos ya Zambia akiwa mshambuliaji wa kati. Mayele alikuwa na nafasi yake, kwa hiyo Nabi akamtumia Musonda pia akitokea pembeni, akikaba na beki wake na kuingia ndani mpira ukiwa upande wa pili. Timu haikubadilisha mtu, lakini ilibadilisha umbo kulingana na nani ana mpira. Novemba 2023, ilipoichapa Simba 5-1, Musonda huyohuyo alianza kufunga akiwa mbele, kisha Nzengeli akaweka mawili, Aziz Ki moja na Pacome la penalti. Wafungaji wanne katika mechi moja ya watani. Beki wa kati wa Simba amkabe nani?

Ndiyo maana straika anayeweza kucheza nafasi mbili ana thamani kuliko mabao yake yanavyoonyesha, hasa kwenye ligi ambayo nafasi za wageni zina kikomo.

"Tungekuwa na namba tisa wa kweli, Sundowns wangetoka"

Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa 2024: 0-0 Uwanja wa Mkapa, Dar es Salaam, 0-0 Pretoria, tukatolewa kwa penalti. Dakika 180 bila bao, na hapa sitawabishia mashabiki moja kwa moja. Mbele ya timu inayokaa na mpira kama Sundowns, unapata nafasi chache, na unahitaji mtu wa kuushika mpira juu ili wenzake wapande. Hilo lilipungua.

Lakini mechi ya Dar es Salaam tulicheza bila Pacome na Khalid Aucho, yaani bila anayeanzisha mashambulizi na bila anayeyapitisha. Na kule Pretoria shuti la Aziz Ki liligonga mwamba likadunda chini kwenye mstari, wengi wetu tukaona limeingia, mwamuzi akakataa. Nafasi bora ya mechi zote mbili ilitengenezwa na namba kumi, kwa mguu wake, kutoka mbali.

"Mzawa hawezi kuibeba timu kubwa"

Mwaka ule Mayele anafunga 16, mfungaji bora alikuwa George Mpole wa Geita Gold, mabao 17. Mwaka mmoja kabla, John Bocco wa Simba alimaliza juu ya wote kwa 16. Na Clement Mzize, kijana aliyepandishwa kutoka timu ya vijana ya Yanga enzi za Nabi, alifunga 14 kwenye ligi ya 2024/25, moja zaidi ya Dube. Tarehe 25 Juni 2025, mechi ya kuamua ubingwa dhidi ya Simba, Pacome alitangulia kwa penalti, na dakika za mwisho Mzize akafunga la pili.

Alipopandishwa hakukuwa na mapokezi ya uwanja wa ndege wala picha ya kusaini mkataba. Alipewa dakika chache chache akiwa nyuma ya Mayele, kisha Musonda, kisha Guede, kisha Dube, na mara nyingi alichezeshwa pembeni. Dirisha lijalo, kabla ya kupigania jina kutoka nje, ningependa tuulize nani yuko timu ya vijana sasa hivi na anapata dakika ngapi.