Usafishaji wa rasilimali za kifaa: programu ikizimwa, pampu inabaki vipi?

Programu ikitaka kutumia kamera, porti ya USB au pini za kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, lazima ipitie kwa mfumo endeshi. Mfumo ukiridhia, unaipa programu namba ya kushikia kifaa, na mara nyingi unaitengea na kumbukumbu ya kuwekea data inayoingia na kutoka. Hizo ndizo rasilimali. Usafishaji ni kuzirudisha zote programu inapoondoka, na kukiacha kifaa katika hali isiyoleta madhara. Maelezo mengi huishia kwenye kurudisha. Hali ya kifaa chenyewe haitajwi, na ndiyo iliyotuharibia miche ya kahawa, kama nitakavyosimulia.

Aliyekulia Kibosho au Machame, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, anaujua mfongo, yaani mfereji wa maji wa jadi. Maji yanatoka juu mtoni, kila kaya ina zamu yake, na zamu ikiisha unaziba njia ya kwako ili yateremke kwa jirani. Ukienda zako bila kuziba, jirani anakaa na jembe mkononi akisubiri maji yasiyofika, na wakati huohuo kihamba chako, yaani shamba la nyumbani, kinafurika. Programu isiyosafisha inaleta hasara hizohizo mbili: programu nyingine zinanyimwa kifaa, na kifaa chenyewe kinaendelea na kazi ambayo hakuna tena anayeisimamia.

Hasara ya kwanza mfumo endeshi wa Linux unaishughulikia wenyewe kwa sehemu kubwa. Mchakato, yaani programu ikiwa kazini, ukifa, hata kwa kuuawa ghafla, keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inafunga kila kilichokuwa wazi kwa jina lake na kuiarifu draiva, sehemu inayokiendesha kifaa, kwamba mshikaji ameondoka. Kwa hiyo ukiambiwa kamera ina shughuli wakati dirisha la programu umeshalifunga, kwa kawaida kuna mchakato ambao bado uko hai nyuma ya pazia. Pengine ni programu yenyewe haijafa. Pengine ilizaa mchakato mwingine, na mtoto akarithi namba ya kifaa bila mwandishi kukusudia. Amri ya fuser ukiielekeza kwenye /dev/video0 itakutajia namba ya mchakato ulioshikilia. Kwenye porti za mfuatano (serial) za modemu na mizani kuna jambo la ziada: baadhi ya programu huandika faili dogo la kufuli ndani ya /var/lock. Programu ikiuawa, faili hilo linabaki, na programu nyingine ikiliona inadhani mwenye porti bado yupo. Keneli haiwezi kusaidia hapo, kwa sababu kwake hilo ni faili kama mafaili mengine.

Hasara ya pili ndiyo inayotaka mtu mwenyewe.

Nyumbani Kibosho niliweka Raspberry Pi iendeshe pampu ya kumwagilia kitalu cha miche ya kahawa. Pini moja inawasha rilei, yaani swichi inayovutwa kwa umeme, rilei inapitisha umeme kwenda kwenye pampu, na pampu inavuta kutoka tangi la lita 2,000. Programu niliiandika kwa lugha ya Python, na amri ya kuzima pampu nikaiweka ndani ya finally, sehemu inayotekelezwa hata kazi ikikatizwa katikati. Niliijaribu mezani nikiikatiza kwa Ctrl+C, na kila mara rilei ililia tik, pampu ikanyamaza. Nikaridhika, nikaisajili chini ya systemd, msimamizi wa huduma kwenye Linux, iwe inajiwasha yenyewe, nikarudi mjini Moshi.

Jioni moja niliingia kwa mbali nikaisimamisha ili nibadilishe ratiba. Asubuhi mama akapiga simu: "Mwanangu, maji yamefika mpaka bandani kwa ng'ombe." Tangi lilikuwa kavu, pampu bado inaunguruma bila maji, na safu mbili za miche zimelala kwenye tope.

Chanzo kilikuwa tofauti ya ishara mbili, yaani ujumbe mfupi wenye namba unaotumwa kwa mchakato. Ctrl+C hutuma ishara namba 2. Python huipokea na kuigeuza kuwa hitilafu ya ndani, kwa hiyo finally inapata nafasi yake. Systemd inaposimamisha huduma hutuma ishara namba 15. Kama hukuandika chochote cha kuipokea, mchakato unakufa palepale na finally haiguswi. Keneli ikafunga ilichopaswa kufunga, ila pini ilibaki juu kama ilivyokuwa. Wala keneli haikukosea. Yenyewe inaona pini yenye volti 3.3 au sifuri, na haina namna ya kujua kama waya umeishia kwenye taa, kengele au pampu. Mwenye kujua ni aliyefunga waya, na ujuzi huo lazima auandike ndani ya programu.

Dawa ni fupi: programu ipokee ishara ya 15 na kuigeuza iwe kutoka kwa kawaida, ndipo finally ifanye kazi. Kwa kawaida systemd husubiri sekunde 90 kabla ya kutumia nguvu, muda mwingi mno kwa kuzima rilei. Mpangilio nao ni muhimu. Kwanza zima kifaa, kisha uachie namba yake. Ukianza kwa kuachia, huna tena mkono wa kuzimia. Na usitegemee kwamba pini ikiachiwa itabaki ilipo au itarudi chini, kwa sababu hilo hutofautiana kati ya njia moja ya kuiendesha pini na nyingine.

Neno "kuzima" lenyewe linahitaji uangalifu. Bodi nyingi za rilei zinazouzwa kwa bei nafuu huwaka pini inapokuwa sifuri. Mwandishi asiyejua hilo ataandika sifuri kwenye usafishaji wake akidhani anafunga, kumbe anafungulia maji. Iwashe bodi yako mkononi, sikiliza tik, tazama taa yake ndogo, kisha ndiyo uandike.

Kuna kifo kimoja kisichotoa nafasi ya kuaga: ishara namba 9. Programu haiwezi kuipokea, kwa hiyo hakuna mstari wako wa usafishaji utakaosomwa. Umeme ukikatika ni vivyo hivyo. Hapo usafishaji unahamia nje ya programu. Waya wa pampu nimeufunga kwenye mguu wa rilei ulio wazi rilei ikiwa imetulia, ule unaopitisha umeme rilei inapovutwa tu. Umeme wa bodi ukikatika, pampu inasimama. Kwa ajili ya kuuawa ghafla, kwenye faili la huduma ya systemd nimeongeza mstari wa ExecStopPost, unaoendesha programu nyingine ndogo ya kuzima pampu kila huduma inapokoma, iwe imesimamishwa vizuri au imeuawa.

Bado Pi yenyewe inaweza kuganda. Kwa hilo kuna kifaa cha mlinzi, /dev/watchdog, kilichojengwa kwa kuamini kwamba ukimya ni kifo. Programu ikishakifungua lazima ikiguse kila baada ya muda mfupi, la sivyo kinaiwasha kompyuta upya. Draiva nyingi zinadai iandike herufi V kabla ya kukifunga; ikiondoka bila herufi hiyo, mlinzi anachukulia kwamba imekufa vibaya na anaiwasha kompyuta upya.

Baada ya kuyaweka hayo nilipanda Kibosho nikakaa kando ya tangi na mama, nikaiua programu kwa ishara ya 9 pampu ikiwa inavuta. Rilei ililia tik kabla sijainua kidole.