Futur proche ya Kifaransa: "vais" inapofanya kazi ya "-ta-"

Kwa Mswahili, wakati ujao ni silabi moja: -ta-. Nitakula sasa hivi, nitakula kesho, nitajenga mwakani. Silabi ni ileile, na maneno mengine ndiyo yanayosema ni lini. Kifaransa kina njia mbili. Ya kwanza hubadilisha mwisho wa kitenzi, "je mangerai" (nitakula), nayo huitwa futur simple. Ya pili hukitanguliza kitenzi aller, yaani kwenda, kisha kikafuata kitenzi chenyewe: "je vais manger". Hiyo ndiyo futur proche, wakati ujao wa karibu. Kwa kawaida hufundishwa mapema, kwenye kiwango cha A1, yaani cha wanaoanza, kwa sababu ni rahisi kuiunda, na husikika kila mahali watu wanapozungumza Kifaransa, iwe Paris, Kinshasa au Bujumbura.

Kuiunda kunahitaji vitu viwili tu. Kwanza, aller katika wakati uliopo:

je vais
tu vas
il, elle, on va
nous allons
vous allez
ils, elles vont

Aller hakifuati mkumbo wa vitenzi vingine vya -er, kwa hiyo maumbo haya sita ni ya kukariri. "Vais" hutamkwa kama "ve", s hainenwi. "Vas" na "va" husikika sawa kabisa. "Vont" ni "vo" ya puani, na hapo masikio yawe macho, kwa kuwa "il va" na "ils vont" hutofautiana kwenye hicho kitenzi tu. Katika "nous allons" na "vous allez", ile s ya mwisho ambayo kwa kawaida hunyamaza huamka na kusikika kama z: nuzalo, vuzale.

Pili, kitenzi kinachobeba maana, katika umbo lake la kwenye kamusi, bila kuguswa: "Nous allons partir", tutaondoka. "Ils vont partir", wataondoka. Partir hubaki partir kwa nafsi zote. Katikati ya vitenzi hivi viwili haliingii neno la kuunganisha. "Je vais à manger" si Kifaransa, na "je vais pour manger" humfanya msikilizaji adhani unaeleza safari na sababu yake.

Kosa linalotokea zaidi halisikiki. Huonekana kwenye karatasi. Manger na mangé hutamkwa sawasawa, kwa hiyo watu huandika "je vais mangé", na hata Wafaransa wenyewe huteleza hapo. Dawa yake ni kubadilisha kitenzi kwa muda. Weka vendre (kuuza) mahali pake: je, ungesema "je vais vendre" au "je vais vendu"? Ni vendre, kwa hiyo hata kile cha -er lazima kiandikwe kwa -er.

Sasa sehemu inayowatia wanafunzi hofu bure: viwakilishi. Sheria inasema kiwakilishi cha mtendwa hukaa mbele ya kitenzi cha pili, si mbele ya aller. Mswahili hana haja ya kuikariri, maana anaitumia tangu utotoni. Lichukue neno "nitamwona" ulipasue: ni, ta, mw, ona. Kisha pasua Kifaransa chake: je, vais, le, voir. Vipande vinne kwa vinne, kwa mpangilio uleule. Ile "mw" haikubali kutengana na mzizi "ona", na vivyo hivyo "le" haitengani na "voir". Nitakuambia ni "je vais te dire". Watatusaidia ni "ils vont nous aider". Nitakinunua ni "je vais l'acheter", ambapo le imepoteza irabu yake kwa sababu acheter huanza na irabu. Zamani, katika Kifaransa cha karne ya 17, waandishi waliweza kusema "je le vais voir", na utakutana nayo ukisoma maandishi ya kale. Leo usiiseme.

Y (huko) na en (ya hivyo) hufuata njia hiyohiyo: "je vais y aller", nitakwenda huko, "je vais en prendre deux", nitachukua viwili.

Kwenye vitenzi vya kujirejea Kiswahili hakitakusaidia sana. Sisi tuna "ji" moja kwa watu wote: nitajificha, utajificha, tutajificha. Kifaransa hubadilisha kulingana na mtendaji: "je vais me cacher", "tu vas te cacher", "il va se cacher", "nous allons nous cacher", "vous allez vous cacher", "ils vont se cacher". Kwa kuwa kamusi huandika "se cacher", wengi huandika "je vais se cacher". Ni kosa. Tena vitenzi vingine vya Kifaransa hujirejea ilhali vya kwetu havijirejei: nitaamka saa kumi na mbili ni "je vais me lever à six heures". Sahau ile "me" na msikilizaji atauliza unainua nini.

Kukanusha nako hufanana na kwetu. Katika "sitamwona" ukanushi uko mwanzoni, mbali na mzizi. Kifaransa hufunga aller kwa ne na pas: "je ne vais pas le voir". Mitaani ne huangushwa, hubaki "je vais pas le voir", lakini kwenye mtihani na barua iandike. Plus, jamais (kamwe) na rien hukaa palepale pa pas: "je ne vais plus attendre", sitasubiri tena, "je ne vais rien dire", sitasema kitu. Personne ndiyo inayokwenda kinyume: huvuka kitenzi cha pili na kukaa baada yake. "Je ne vais inviter personne", sitamwalika mtu yeyote.

Kuuliza kuna njia tatu: kupandisha sauti ("Tu vas venir ?"), kutanguliza est-ce que ("Est-ce que tu vas venir ?"), au kugeuza mpangilio kwa lugha ya heshima ("Allez-vous venir ?"). Ukigeuza kwa il, elle au on, ingiza t katikati ili irabu zisigongane: "Va-t-elle venir ?"

Umbo ndilo hilo. Maana ndiyo yenye kina zaidi, na jina lenyewe hupotosha. Neno "karibu" huwafanya wanafunzi wahesabu saa: kesho ni futur proche, mwakani ni futur simple. Sivyo. Mtu anaweza kusema "dans dix ans, je vais prendre ma retraite", baada ya miaka kumi nitastaafu, na sentensi ni nzuri kabisa. Ukaribu unaosemwa hapa ni ukaribu wa tukio na hali ya sasa: kuna dalili tayari, au uamuzi umeshafanywa, au jambo limeshaanza safari yake.

Kiswahili kinaijua dhana hii, ila hatuifundishi kama wakati. Wingu limetanda, upepo umegeuka, mtu anatazama juu na kusema: "Mvua inataka kunyesha." Mvua haina utashi. Ile "taka" inasema kwamba dalili ziko mbele ya macho. Kifaransa chake ni "il va pleuvoir". Ukuta umepasuka na kuinama: "Ukuta unataka kuanguka", "le mur va tomber". Ukiona kwamba Kiswahili kingekubali "inataka ku-" kwa maana hii, tumia futur proche bila wasiwasi.

Mfano unaoonyesha tofauti vizuri kuliko yote ni huu. "Elle va avoir un enfant": mwenye kusema anajua kuwa mama huyo ni mjamzito. "Elle aura un enfant": ipo siku atapata mtoto, ni utabiri au ahadi, na mimba inaweza kuwa haipo. Kwetu yote mawili ni "atapata mtoto", ndiyo maana wanafunzi wetu huyachanganya.

Kuna matumizi mengine ya kuyazoea. Anayekuelekeza njia atasema "vous allez prendre la deuxième rue à droite", bila kutabiri chochote; anakuagiza. Mzazi akisema "tu vas finir ton assiette", hiyo ni amri, mtoto amalize chakula. Na "ça va aller", itakuwa sawa, ni maneno ya kumtia mtu moyo. Utasikia pia sentensi zisizo na mtendaji: "il va y avoir du monde", kutakuwa na watu wengi; "il va falloir attendre", itabidi kusubiri.

Mahali pa kuiacha ni baada ya quand (wakati ambapo) na si (kama). Nikifika nitakupigia, katika Kifaransa sanifu, ni "quand j'arriverai, je t'appellerai", futur simple pande zote mbili. Baada ya si ya sharti haukai wakati ujao wowote: "si tu viens, on va manger ensemble", ukija tutakula pamoja. Anayefikiri kwa "-ki-" (ukija) hakosei. Anayefikiri kwa "kama utakuja" ndiye anayeandika "si tu vas venir".

Mtego mwingine ni kwamba aller hakijaacha kazi yake ya kutembea. "Je vais acheter du pain" inaweza kuwa nitanunua mkate, au naenda kununua mkate, na mlango umeshafunguliwa. Muktadha ndio unaoamua, kama ilivyo kwetu mtu akisema "naenda kulala". Ukitaka safari ionekane wazi, rudia aller: "je vais aller acheter du pain". Masikio hushtuka mwanzoni, lakini ni sahihi.

Muundo huu pia una wakati uliopita, ila ni mmoja tu, imparfait, ule wa jambo lililokuwa likiendelea: "j'allais t'appeler", nilikuwa nataka kukupigia, na kumbe wewe ukanitangulia. Ukiweka passé composé, wakati uliopita wa jambo lililokwisha, "je suis allé acheter du pain", wakati ujao umetoweka na aller kimerudi kuwa kwenda: nilitoka nyumbani, nikaenda kununua mkate.