Je, wajua kwa nini Kiingereza hutumia wakati uliopita kuzungumzia kesho?

Soma sentensi hii taratibu: "If we left tomorrow, we would arrive on Sunday." Kwa Kiswahili tungesema: tungeondoka kesho, tungefika Jumapili. Sasa tazama neno "left". Ni umbo la wakati uliopita la kitenzi "leave", na limekaa bega kwa bega na "tomorrow". Mzungumzaji wa Kiingereza huitamka sentensi hiyo bila kusita, na mtahini huipa alama zote. Mwanafunzi huyohuyo akiandika "We left tomorrow" peke yake, anakatwa papo hapo. Je, "if" inafanya nini hata kilichokuwa kosa kiwe sahihi?

Jibu ambalo wanafunzi wengi hupewa ni kwamba hiyo ni "aina ya pili" ya sentensi za masharti, na kanuni yake ni wakati uliopita upande mmoja na "would" upande wa pili. Kanuni ni sahihi. Inasaidia kwenye mtihani wa kujaza nafasi. Ila haijibu swali, na isipojibiwa mwanafunzi hubaki na aina nne za kukariri, kuanzia sifuri hadi ya tatu, kila moja na jedwali lake, bila kuona uhusiano wowote kati yake. Kisha anakutana na sentensi isiyoingia kwenye jedwali lolote, na anadhani ameisoma vibaya.

Kosa lenyewe linaanzia mapema zaidi, siku tunapofundishwa kwamba "left", "had" na "knew" ni maumbo ya wakati uliopita. Tangu hapo tunaamini kazi ya maumbo hayo ni kutaja kalenda: jana, juzi, mwaka jana. Kazi hiyo wanayo kweli, na ndiyo wanayoifanya mara nyingi. Lakini si kazi yao pekee, na ushahidi umejaa kwenye Kiingereza cha kawaida kabisa, hata pasipo na "if".

Mtu anasema "I wish I knew her number". Kutojua kwake ni kwa sasa hivi, wala si kwa jana. Anasema "It's time we left", na bado hawajaondoka; ndiyo kwanza anawahimiza wenzake wainuke. Anamwendea mtu asiyemzoea na kumwambia "I wanted to ask you something". Hajaacha kutaka, anataka kuuliza dakika hiyohiyo. Anasema "Could you open the door?", na "could" hapo ni umbo lililopita la "can", ingawa mlango anautaka ufunguliwe sasa. Sentensi nne, maumbo manne ya wakati uliopita, na hakuna hata moja inayozungumzia wakati uliopita.

Kinachoziunganisha ni umbali. Namba ya simu nisiyoijua iko mbali na hali halisi. Kuondoka ambako kungepaswa kuwa kumeshaanza kuko mbali na tunachokifanya. Ombi la heshima linawekwa mbali kidogo na msikilizaji ili asijisikie kubanwa. Na jana, bila shaka, iko mbali na leo. Umbo moja linabeba umbali wa aina zote hizo, na umbali wa wakati ni mmoja wao tu. Mwaka 2000 mwanaisimu Sabine Iatridou aliieleza hali hii kwa namna inayofanana na hiyo: umbo la wakati uliopita hutenga. Likihusu wakati, linasema kwamba wakati tunaouzungumzia si huu tulio nao. Likihusu hali, linasema kwamba ulimwengu tunaouzungumzia si huu tunaoishi. Yeye alianzia kwenye Kigiriki cha kisasa, si Kiingereza, na Kifaransa nacho hufanya hivyohivyo: baada ya "si", yaani kama, huja umbo la wakati uliopita hata kwa jambo la sasa. Kwa hiyo hili si tatizo la Waingereza peke yao. Lugha kadhaa zimefika mahali pamoja, na hilo mimi naliona kuwa jambo la kusisimua kuliko kanuni yoyote ya jedwali.

Wataalamu hawajakubaliana kwa nini iwe hivyo. Wapo wanaoshikilia kwamba umbo hilo bado linahusu wakati hasa: tunaposema "if we left", tunarudi nyuma kimawazo hadi pale njia zilipokuwa hazijagawanyika, jambo likiwa bado linawezekana, kisha tunafuata njia ambayo haikufuatwa. Wengine, kama Iatridou, wanaona maana pana ya umbali ambayo wakati ni tawi lake tu. Kwa anayejifunza lugha, maelezo yote mawili yanamfikisha kwenye sentensi ileile.

Utaratibu wenyewe unavyofanya kazi ni huu. Fikiria ngazi yenye vipandio vitatu. Kipandio cha chini ni hapa na sasa, mambo yanayoweza kutokea bila shida. Kila ukipanda, unakuwa mbali zaidi na ardhi. Tuchukue sentensi moja tu tuipandishe.

Chini kabisa: "If she calls, I will answer." Akipiga simu, nitapokea. Huenda akapiga, huenda asipige, mzungumzaji anaacha mlango wazi.

Panda mara moja: "If she called, I would answer." Angepiga, ningepokea. "Calls" imekuwa "called". Halafu angalia upande wa pili, maana hapa ndipo wengi wanapopitiwa: "will" imekuwa "would", na "would" ni umbo lililopita la "will", kama "could" lilivyo la "can". Kumbe vishazi vyote viwili, yaani pande zote mbili za sentensi, vimepanda kipandio kilekile kwa wakati mmoja. "Would" haikuletwa kutoka nje kama alama ya pekee ya masharti. Ni "will" ileile iliyosogezwa mbali.

Panda tena: "If she had called, I would have answered." Angalipiga, ningalipokea, lakini hakupiga. Hapa tunahitaji umbali mara mbili, mmoja kwa sababu jambo lenyewe ni la jana, na mwingine kwa sababu halikutokea. "Called" imeshatumika kwa umbali mmoja, basi wa pili unabebwa na "had". Upande wa pili kuna kikwazo: "would" haina umbo jingine lililopita zaidi. Kiingereza kinatatua hilo kwa kuingiza "have" baada yake, na kazi ya "have" hiyo ni kuibeba jana. Ndiyo maana upande mmoja una "had" na mwingine "would have". Yanaonekana kama mambo mawili ya kukariri, kumbe ni hatua moja iliyopigwa kwa miguu miwili.

Wapo hata wazungumzaji wazawa wanaoongeza kitu kingine juu ya hapo na kusema "If I had have known", hasa katika mazungumzo ya haraka. Sarufi sanifu inalikataa umbo hilo na kwenye mtihani litakatwa. Ila linaonyesha jambo zuri: ulimi wenyewe unahisi kwamba "had" moja imeelemewa na kazi mbili, ukaitafutia msaidizi.

Sasa turudi kwa sisi tunaofikia Kiingereza kutoka Kiswahili, kwa sababu makosa yetu yana chanzo kinachoonekana. Kiswahili kina kiambishi maalumu cha kazi hii, "-nge-", na tunakiweka pande zote mbili: angepiga, ningepokea. Hakikopwi kutoka wakati uliopita. Mwanafunzi anayeitafsiri "-nge-" kuwa "would" anaiona mara mbili, basi anaandika "would" mara mbili: "If she would call, I would answer." Mantiki yake ni safi kabisa kwa Kiswahili. Lakini kwa Kiingereza sanifu kila upande hupanda kwa kitenzi chake wenyewe: penye "will" patakuwa na "would", na penye "calls", ambapo hapakuwa na "will" tangu mwanzo, patakuwa na "called". Kwa haki, "If I would have known" husikika sana Marekani, hata kwa waliozaliwa na lugha hiyo. Kwenye maandishi rasmi bado huhesabiwa kuwa kosa.

Kosa la pili ni gumu zaidi kuliona. Vitabu vya sarufi ya Kiswahili hutenga "-nge-" kwa jambo la sasa au lijalo na "-ngali-" kwa lililokwisha pita. Katika mazungumzo, hata hivyo, wengi wetu tunasema "Ungeniambia jana, ningekuja", na hakuna asiyeelewa, kwa kuwa "jana" imeshafanya kazi ya wakati. Kiingereza hakikubali mkato huo. "If you told me yesterday, I would come" inamchanganya msikilizaji, maana "told" iliyo karibu na "yesterday" inasikika kama jana ya kweli, kisha "would come" inamvuta kwenye jambo la kubuni. Lazima upande mara mbili: "If you had told me yesterday, I would have come."

Na jana ya kweli ipo pia, jambo ambalo jedwali la aina nne hulisahau. "If he left yesterday, he is already there." Kama aliondoka jana, basi ameshafika. Hapo "left" ni kalenda tupu, wala hakuna cha kubuni: mzungumzaji hajui kama mtu huyo aliondoka, naye anakisia kutokana na hilo. Kitenzi ni kilekile cha sentensi yetu ya kwanza kabisa. Kinachotofautisha ni upande wa pili. Ukiona "would", kwa kawaida umbali ni wa hali. Usipoiona, umbali ni wa wakati. Sarufi kubwa ya Kiingereza ya mwaka 2002 iliyoandaliwa na Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum inaziacha namba zote na kugawa masharti katika makundi mawili tu, yaliyo wazi na yaliyo mbali. Kwa maoni yangu mgao huo ungepaswa kutangulia darasani, namba zifuate baadaye kwa anayezihitaji.

Tuseme pia neno kuhusu "If I were you". Kwa nini "were" na si "was"? Katika Kiingereza cha Kale vitenzi vilikuwa na maumbo tofauti kwa jambo halisi na kwa jambo la kuwazika. Kadiri karne zilivyopita miisho ya maneno ililika, na katika wakati uliopita maumbo hayo yakaungana, isipokuwa kwenye kitenzi hiki kimoja. Hiyo "were" ni mabaki ya mfumo mzima uliokuwepo. Wengi leo husema "If I was", na hueleweka vizuri. Kwenye maandishi rasmi "were" ndiyo salama.

Tahadhari moja, kwa sababu ni rahisi kuvuka mpaka. Umbali si sawa na uongo. Mwaka 1951 mwanafalsafa Alan Ross Anderson alitoa mfano wa daktari anayesema kwamba kama mgonjwa angekuwa amekunywa aseniki, angeonyesha dalili hizihizi anazozionyesha. Sentensi iko kwenye kipandio cha juu kabisa, na bado daktari anaitumia kuonyesha kwamba mgonjwa huenda kweli amekunywa sumu! Basi mwalimu anayesema "aina ya tatu ni ya mambo ambayo hayakutokea" amesema kweli mara nyingi, si mara zote. Vivyo hivyo "If we left tomorrow" haisemi kwamba hatutaondoka. Inaliweka jambo mbali kidogo, labda kwa sababu ni pendekezo tu na hakuna aliyeamua.

Kwa mazoezi, ni bora kushika sentensi moja na kuihamisha kuliko kujaza nafasi ishirini zisizohusiana. Andika sentensi ya kipandio cha chini, kwa mfano "If he works hard, he will pass." Kwa kila kishazi, peke yake, jiulize maswali mawili: je, jambo hili nimeliweka mbali na hali halisi? Je, ni la wakati uliokwisha? Ndiyo moja, panda mara moja. Ndiyo mbili, panda mara mbili. Sema kwa sauti, kwa kuwa "had" hufupishwa na kubaki "'d", na "would" nayo hufupishwa kuwa "'d" hiyohiyo, na sikio linahitaji kuzoea kuzitofautisha kwa kinachofuata: "he'd worked" ni "had", "he'd work" ni "would".

Maswali hayo mawili yakiulizwa kwa kila kishazi kivyake, sentensi zinazoitwa za mchanganyiko hazihitaji somo jipya. "If he had worked hard, he would be a doctor now." Kufanya bidii ni kwa zamani na hakukutokea, kwa hiyo vipandio viwili. Udaktari ni wa sasa na haupo, kwa hiyo kimoja. Geuza pande: "If he were careful, he would not have lost the keys." Uangalifu ni tabia yake hadi leo, nao hana, basi kipandio kimoja, funguo zilipotea zamani na kutopotea kwake ndiko kunakowazwa, basi viwili.