Sukari ya chai, chumvi ya mchuzi: maana ya mgawanyo wa virutubisho katika siku

Tukisema fulani anakula sukari nyingi, tunataja jumla. Mgawanyo ni swali la pili: jumla hiyo imeingia saa ngapi, kwa chakula gani, mara ngapi? Swali hili huulizwa hasa kuhusu vitu vitatu vya kuwekewa mpaka: sukari ya kuongezwa, chumvi, na mafuta yale yanayoganda. Vikizidi miaka nenda miaka rudi, presha, kisukari na maradhi ya moyo hupata njia.

Tazama siku ya mfanyakazi wa Dar es Salaam. Asubuhi chai ya vijiko vitatu vya sukari na maandazi. Saa nne chai tena, vijiko vitatu. Mchana wali maharage na soda. Jioni chai nyingine kama ya asubuhi. Chupa ya soda ya kola ya mililita 300 ina gramu 32 hivi za sukari, sawa na vijiko vya chai 8. Jumlisha: 3, 3, 8, 3. Ni vijiko 17, na maandazi bado hatujayahesabu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya namna hii, pamoja na ya asali na ya juisi, isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kalori 2,000, hizo ni gramu 50, vijiko 12 hivi. Ikishuka hadi nusu yake, bora zaidi. Tunda zima halimo katika hesabu hiyo.

Mtu huyu ukimuuliza atakwambia hapendi vitu vitamu, na hasemi uongo. Hakugusa keki wala pipi. Karibu sukari yake yote ameinywa, kikombe kwa kikombe, ndiyo maana haioni.

Chumvi ina tabia nyingine. Ugali wetu haupikwi na chumvi, hivyo chumvi ya mlo huo ni ya kitoweo: mchuzi, ng'onda, viungo vya pakiti vya kukolezea. Wali na chapati hutiwa chumvi zenyewe kabla mchuzi haujamwagwa juu. Na kipimo cha siku nzima ni chini ya gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote pamoja. Mama yangu alipoambiwa ana presha, kitu cha kwanza tulichofanya nyumbani ni kuondoa kopo la chumvi mezani. Tulihangaika na kopo wakati chumvi yenyewe ilikuwa sufuriani, ndani ya vile viungo vya pakiti, mchana na usiku. Natamani mtu angetueleza mapema.

Mafuta yametapakaa siku nzima, kuanzia andazi la asubuhi hadi chipsi za usiku, ila hayafanani. Katika mafuta ya alizeti, yale yanayoganda ni kama sehemu moja ya kumi. Katika mawese ni karibu nusu. Katika nazi ni zaidi ya robo tatu. Simwambii mtu wa pwani aache tui. Namwambia siku ya wali wa nazi, samaki achomwe, asikaangwe.

Je, kutawanya kwenyewe kuna madhara? Kwa chumvi, kinachohesabiwa zaidi ni jumla. Kwa sukari na meno, mara ngapi ina uzito mkubwa. Bakteria wa mdomoni hugeuza sukari kuwa asidi inayolainisha jino, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kuituliza. Soda iliyonywewa pamoja na chakula ikaisha hulipiga jino mara moja. Soda hiyo hiyo ikinywewa funda kwa funda kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja, mate hayapati nafasi. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto anayemumunya ubuyu wa sukari tangu anatoka shuleni hadi magharibi: pakiti ni moja tu, ndogo, lakini meno yake yameloa asidi alasiri nzima.